Kuhesabu Majina na Kuhesabu Wasemaji: Sensa za Kenya Katika Maktaba na Jina la Mswahili

1. Utangulizi

Katika maandishi mengi juu ya lugha za Kenya, takwimu hutajwa upesi na kuachwa upesi. Mwandishi husema kwamba lugha fulani ina wasemaji laki kadhaa na nyingine ina wasemaji milioni mbili, kisha akaendelea na hoja yake kama kwamba tarakimu hizo hazina historia. Msomaji akizifuata hadi chimbuko lake, aghalabu atazikuta zimenukuliwa kutoka kitabu ambacho nacho kilizinukuu kutoka kitabu kingine. Mwisho wa safari hiyo huwa ni jedwali la sensa ambalo halikuhesabu wasemaji hata kidogo. Lilihesabu watu waliojitaja, au waliotajwa na mkuu wa nyumba, kwa jina la kabila.

Makala haya yana makusudi mawili. Kwanza, yanaeleza mahali ambapo mtafiti wa lugha anaweza kuzipata takwimu za taifa na majuzuu ya sensa katika maktaba na nyaraka, na kwa nini njia hiyo ina vikwazo vyake. Pili, yanaonyesha kwa mifano michache, hasa mfano wa jina la Mswahili, kwamba historia ya kuhesabu watu nchini Kenya ni historia ya majina. Hoja yetu ni kwamba tarakimu iliyotengwa na juzuu lake haifai kuwa ushahidi wa isimu. Hapana budi isomwe pamoja na swali lililoulizwa, orodha ya makundi iliyotumika, na mipaka ya mahali palipohesabiwa. Mambo hayo matatu hupatikana katika juzuu lenyewe, wala hayapatikani katika nukuu.

2. Mahali zilipo takwimu

Mtu anayeingia katika maktaba ya chuo kikuu kutafuta sensa kwa jina la mwandishi hatafika mbali. Vitabu hivi havina mwandishi kwa maana ya kawaida; mwandishi wake ni serikali. Katika katalogi huingizwa chini ya jina la nchi, kisha jina la wizara au idara iliyovitoa. Hapo ndipo tatizo la kwanza linapozuka, kwa kuwa idara hiyo imebadilika jina mara nyingi. Sensa ya 1948 ilitayarishwa na idara ya takwimu iliyohudumia Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja chini ya Tume Kuu ya Afrika Mashariki, na katika kadi za maktaba idara hiyo imeandikwa East African Statistical Department. Majuzuu ya sensa ya 1962 na 1969 yalitolewa na kitengo cha takwimu cha wizara iliyohusika na mipango ya uchumi, ambayo nayo ilibadilishwa jina baina ya sensa hizo mbili. Sensa ya 1979 na zile mbili zilizoifuata ni za Central Bureau of Statistics. Baada ya Sheria ya Takwimu ya 2006, kazi hiyo ilichukuliwa na Shirika la Taifa la Takwimu la Kenya, ambalo wengi hulijua kwa herufi za KNBS. Kwa hiyo mfululizo mmoja wa vitabu umetawanyika chini ya vichwa vingi vya katalogi. Anayetafuta kichwa kimoja tu hudhani kwamba sensa nyingine hazimo katika maktaba, kumbe zimo rafu ya pili.

Mwanaisimu hana sababu ya kuogopa kazi hii. Kufuata jina la ofisi kutoka umbo moja hadi jingine ni sawa na kufuata neno katika lahaja zake: lazima ujue mabadiliko ya kawaida ndipo ulitambue. Palipo na mpangilio wa Dewey, takwimu za jumla za nchi za Afrika hukaa katika namba 316, na za Kenya katika 316.762, masuala ya idadi ya watu hukaa katika 304.6. Palipo na mpangilio wa Library of Congress, herufi za kutazamwa ni HA kwa takwimu na HB kwa elimu ya idadi ya watu. Zaidi ya hayo, maktaba nyingi huweka machapisho ya serikali katika chumba au rafu za peke yake, nje ya mpangilio huo, na mkutubi wa sehemu hiyo ndiye ajuaye yapi yamefika na yapi hayakufika. Kumwuliza ni sehemu ya utafiti.

Kitabu cha kwanza cha kufunguliwa si sensa yenyewe bali ni kitabu cha takwimu cha kila mwaka kiitwacho Statistical Abstract. Kitabu hiki hukusanya kwa ufupi takwimu za idadi ya watu, elimu, afya, biashara na kilimo, na chini ya kila jedwali hutaja asili yake. Thamani yake kwetu ni katika maelezo hayo madogo ya chini, kwa kuwa ndiyo yanayompeleka msomaji kwenye juzuu kamili. Maktaba ya KNBS jijini Nairobi, ambako machapisho ya shirika hilo na ya idara zilizolitangulia huhifadhiwa, ni mahali pa pili pa kutafuta. Leo majuzuu ya 2009 na 2019 hupatikana pia katika intaneti, na mradi wa IPUMS wa Chuo Kikuu cha Minnesota huwapa watafiti sampuli za sensa za Kenya tangu ile ya 1969. Hata hivyo, majuzuu ya zamani yangali hasa ni mali ya rafu za maktaba.

3. Kabla ya 1948: mtu aliyehesabiwa kwa kodi

Mtafiti anayetaka kwenda nyuma ya 1948 atagundua kwamba serikali ya kikoloni ilikuwa na njia mbili za kuhesabu, na kila njia ilikuwa na watu wake. Wazungu, Wahindi na wengine waliowekwa katika fungu la wasio wenyeji walihesabiwa kwa sensa rasmi mwaka 1911, 1921, 1926 na 1931. Mwafrika hakuhesabiwa katika sensa hizo. Idadi yake ilikisiwa kutokana na daftari za kodi: nyumba zilizotozwa kodi zilihesabiwa, kisha zikazidishwa kwa wastani wa watu uliodhaniwa kuishi katika kila nyumba. Aliyekwepa kodi alikwepa pia kuhesabiwa.

Makisio hayo yamo katika ripoti za mwaka za wilaya na za majimbo. Katika jumba la Nyaraka za Taifa jijini Nairobi, mtafiti wa pwani atazikuta katika mafaili ya mkuu wa jimbo na ya wakuu wa wilaya, kwa mfano yale yenye alama ya PC/COAST na DC/LAMU. Sehemu kubwa ya nyaraka hizo ilipigwa picha za filamu ndogo kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, kwa hiyo mtafiti aliye mbali na Nairobi hakukosa njia. Aliye Uingereza anaweza kuvitazama Vitabu vya Buluu, yaani vitabu vya takwimu vilivyotumwa London kila mwaka kutoka koloni. Vile vya Kenya vimo katika nyaraka za taifa za huko Kew, katika fungu la CO 543.

Mgawanyo huu wa njia mbili una uzito wa pekee kwa pwani. Mbele ya sheria, jina la Mwarabu lilimweka mtu katika fungu tofauti na lile la mwenyeji, na fungu hilo liligusa kodi, uwakilishi na heshima mbele ya dola. Jina la Mswahili halikuwa na kinga hiyo. Katika mtaa mmoja wa Mombasa au Lamu waliishi watu wa lugha moja, dini moja na hata ukoo mmoja, ambao serikali iliwaweka katika mafungu mawili. A. I. Salim, katika kitabu chake cha 1973 juu ya historia ya watu wasemao Kiswahili katika pwani ya Kenya, ameeleza kwa kirefu jinsi suala hilo la hadhi lilivyotawala siasa za pwani hadi mkesha wa uhuru. Tunalolichukua hapa ni jambo moja: kabla hata ya sensa ya kwanza ya watu wote, mtu wa pwani alikwisha kufundishwa kwamba jina atakalolitaja mbele ya karani lina faida au hasara yake.

4. Majina yanayopanuka na kupungua

Sensa ya 1948 ndiyo ya kwanza kujaribu kuwahesabu watu wote wa Kenya, Waafrika na wasio Waafrika. Ilionyesha watu wapatao milioni 5.4. Iliyofuata ni ya 1962, iliyotoa jumla ya watu 8,636,263. Tangu 1969 sensa zimefanywa kila baada ya miaka kumi: watu 10,942,705 mwaka 1969, 15,327,061 mwaka 1979, zaidi ya milioni 21.4 mwaka 1989. 28,686,607 mwaka 1999. 38,610,097 mwaka 2009. Na 47,564,296 mwaka 2019, ambapo makarani walitumia vishikwambi badala ya karatasi.

Mfululizo huu unavutia kulinganishwa, na ulinganisho huo ndio wenye hatari. Mipaka ya mikoa ya 1969 siyo ile ya 1962, kwa kuwa katikati yake nchi iligawanywa upya mwaka 1963 na Mkoa wa Magharibi ukatengwa na Nyanza. Tangu Katiba ya 2010, kaunti 47 zimechukua mahali pa mikoa na wilaya katika majedwali. Zaidi ya mipaka, makundi yenyewe yamebadilika. Katika sensa ya 1969 Wakipsigis, Wanandi, Watugen na wenzao wamo katika majedwali kila kundi kwa jina lake. Katika sensa ya 1979 wamo chini ya jina moja la Kalenjin, jina ambalo lilianza kushika katika miaka ya 1940. Mtafiti wa lugha za Kinailoti ambaye angetaka kujua idadi ya Wanandi mwaka 1979 hataipata hapo. Na asiyefahamu mabadiliko hayo angeweza kudhani kwamba kabila kubwa limezuka katika muda wa miaka kumi.

Kuna pia makundi yaliyohesabiwa lakini hayakutangazwa. Takwimu za makabila za sensa ya 1999 hazikutolewa kwa umma, kwa hiyo majuzuu ya mwaka huo yana pengo mahali pale ambapo mwanaisimu huangalia kwanza. Aidha, mwezi wa Agosti 2010 serikali ilitangaza kuyafuta matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya nane za kaskazini, katika maeneo ya Mandera, Wajir, Lagdera na Turkana, kwa hoja kwamba ongezeko lake halikueleweka. Jambo hilo lilifika mahakamani. Anayetumia tarakimu ya Wasomali 2,385,572 ya sensa hiyo bila kulitaja shauri hilo amemnyima msomaji sehemu ya ushahidi.

Sasa tulitazame jina la Mswahili. Mwaka 1969 fungu lililoandikwa Swahili na Shirazi kwa pamoja halikutimiza watu elfu kumi katika nchi nzima. Tarakimu hiyo imewahi kuwa silaha mikononi mwa wale waliosema kwamba Kiswahili ni lugha isiyo na wenyewe. Lakini mwenye kulifungua jedwali lenyewe ataona kwamba Wabajuni wameandikwa peke yao, nao ni wengi kuliko hao walioitwa Waswahili. Ataona pia kwamba Waarabu wa Kenya wana fungu lao, na miongoni mwao wamo wengi ambao Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani kwao. Kwa hiyo jedwali lile halisemi kwamba wasemaji asilia wa Kiswahili hawafiki elfu kumi. Linasema kwamba hao ndio waliokubali, au waliokubaliwa, kuandikwa kwa jina hilo mwaka huo.

Mwaka 2009 fungu la Swahili lilikuwa na watu 110,614. Chini ya jina hilo waliorodheshwa Wabajuni, Waamu, Wapate, Wasiyu, Wavumba, Wajomvu na wengineo. Mwaka 2019 jina la Swahili lina watu 56,074. Katika miaka hiyo kumi idadi ya Wakenya wote iliongezeka kwa karibu milioni tisa. Haukutokea ugonjwa wala uhamaji uliolipunguza taifa la pwani kwa nusu. Tarakimu mbili kama hizo zikikutana, kazi ya mtafiti ni kuziweka orodha mbili za makundi bega kwa bega, aone ni nani aliyekuwa chini ya jina hili mwanzoni na sasa ameandikwa kwingine. Asiyefanya hivyo ataandika makala juu ya kufa kwa Waswahili kutokana na mabadiliko ya safu katika jedwali.

5. Jina lililobaki bila lugha

Mfano wa pwani unaonyesha wasemaji wengi chini ya jina dogo. Upo pia mfano wa kinyume chake, nao hutoka katika ufuo wa Ziwa Turkana. Sensa ya 2009 ilihesabu Waelmolo 2,844. Ile ya 2019 ilihesabu 1,104. Mtu anayetayarisha orodha ya lugha za Kenya kwa kufuata majedwali haya ataandika kwamba Kielmolo, lugha ya jamii ya Kikushi, kina wasemaji elfu moja na mia moja. Kumbe lugha hiyo ilikwisha kutoweka katika mazungumzo ya kila siku katika karne ya 20, na mahali pake pakachukuliwa na Kisamburu. Wayaaku wa Mukogodo nao walihamia katika Kimaa, na Wasuba wengi wa Ziwa Victoria husema Kijaluo.

Katika hali hizi tarakimu ya kabila huficha msiba. Jamii inaonekana ipo, na ni kweli ipo; lakini lugha yake imezikwa chini ya jina lililo hai. Ikiwa sisi tulio katika idara za lugha hatuutenganishi uhesabuji wa majina na uhesabuji wa wasemaji, hatuna njia ya kuonya mapema pale ambapo lugha nyingine inaelekea huko.

6. Swali ambalo halikuulizwa

Mtafiti atakayefungua majuzuu ya sensa za Kenya akitafuta safu ya lugha ya nyumbani hataipata. Hili si jambo la lazima katika sensa. India, iliyokuwa chini ya dola hiyo hiyo ya Kiingereza, imewauliza watu wake lugha ya mama tangu sensa ya 1881. Afrika ya Kusini iliuliza lugha ya nyumbani katika sensa ya 1996. Tanzania ilichukua njia nyingine: sensa ya 1967 ilikuwa ya mwisho kuuliza kabila, na tangu hapo mtafiti wa lugha za huko hana hata tarakimu za majina za kumpotosha.

Pengo hilo lilijulikana mapema. Katika miaka ya 1960, utafiti mkubwa wa matumizi ya lugha na ufundishaji wake katika Afrika Mashariki, uliogharimiwa na Ford Foundation, ulipofika Kenya, watafiti walilazimika kwenda vijijini, shuleni na sokoni kuuliza nani anasema nini na nani, maana sensa haikuwapa jibu. Matokeo yake ni kitabu Language in Kenya cha 1974 kilichohaririwa na W. H. Whiteley, ambaye alikuwa amefariki mwaka 1972. Bernd Heine na Wilhelm Möhlig waliifuata kazi hiyo kwa atlasi yao ya lugha na lahaja za Kenya mwaka 1980. Vitabu hivyo vyapaswa kuwa karibu na majuzuu ya sensa katika meza ya mtafiti, kila kimoja kikikisahihisha kingine.

Jambo hili si la wasomi peke yao. Ripoti ya kamati ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza kwamba lugha inayotumiwa sana katika mazingira ya shule iwe lugha ya kufundishia katika madarasa matatu ya mwanzo. Pendekezo hilo linadhani kwamba mtu fulani anajua lugha inayotumiwa katika kila mazingira. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaiagiza dola ikuze na ilinde lugha za wenyeji wa Kenya. Nacho kinadhani kwamba lugha hizo na wasemaji wake wanajulikana. Katika mtaa wa Nairobi, Nakuru au Mombasa, mtoto ambaye jina lake la kabila ni moja na lugha yake ya nyumbani ni Kiswahili huandikwa katika jedwali chini ya kabila.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba takwimu rasmi za Kenya zinapatikana, ingawa zimetawanyika chini ya majina mengi ya ofisi. Kwamba kabla ya 1948 mtafiti huziacha sensa na kurejea kwenye nyaraka za kodi na Vitabu vya Buluu. Na kwamba makundi yaliyomo katika majedwali hupanuka na kupungua kwa sababu za utawala na siasa ambazo hazilingani na mipaka ya lugha.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mwanafunzi yeyote anayetaja idadi ya watu katika tasnifu yake atakiwe kutaja sensa, juzuu na jedwali, na aeleze kundi hilo lilijumuisha nani. Pili, wahariri wa majarida yetu wasikubali neno wasemaji mahali ambapo chimbuko la tarakimu ni safu ya kabila. Waandike watu waliojitambulisha kwa jina fulani. Tatu, vyama na idara za lugha ziandike mapema kwa KNBS kudai kwamba sensa inayotarajiwa 2029 iwe na swali moja fupi juu ya lugha inayosemwa nyumbani. Swali lenyewe tulitunge sisi kwa Kiswahili sanifu na tulijaribu vijijini na mijini kabla halijafika mikononi mwa karani, kwa kuwa hodaya wa sensa hajui tofauti ya lugha na lahaja kama hajafundishwa. Hadi hapo swali hilo litakapoulizwa, kazi ya kutenganisha jina na lugha itabaki juu yetu, nayo huanzia kwenye rafu za machapisho ya serikali.